Katekista aliyebaki Karema



Katika Kwaresima ya mwaka mmoja uliopita tulifuatana na kikundi cha vijana wa parokia kwenda kuwatembelea wagonjwa. Kila mmoja alikuwa amechangia kadiri ya uwezo wake: sabuni, chumvi, unga, sukari kidogo. Tuliingia katika chumba cha akina mama, tukaimba, tukasali, tukagawa. Karibu na dirisha alilala mama mzee ambaye mguu wake ulikuwa na kidonda cha miezi mingi. Alipokea kipande chake cha sabuni kwa mikono miwili, akashukuru kwa heshima zote, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Na mtarudi lini, wanangu?" Hatukuwa na jibu. Kiongozi wa vijana alitutazama sisi wakubwa, nasi tukatazama sakafu. Tukasema: "Mungu akipenda, mama." Naye, kwa kuwa umri ulikwisha kumfundisha maana ya maneno hayo yakisemwa namna ile, akatabasamu, akageukia ukuta.

Swali hilo halikutuacha. Lilitufuata nyumbani, likatufuata hata katika mafundisho ya Jumamosi, na mwishowe likaturudisha kwenye habari za mtu mmoja ambaye alilijibu kwa maisha yake yote. Katika masomo yetu ya ualimu tulikaririshwa majina mengi ya watu waliofika Ziwa Tanganyika katika karne ya 19: wapelelezi, makapteni, maaskofu. Jina la mtu huyu halikuwamo. Tulilikuta baadaye sana, tukiwa tayari makatekista, na tulishangaa jinsi lilivyokuwa karibu nasi muda wote huo, ng'ambo tu ya maji. Aliitwa Adrien Atiman. Alikuwa Mwafrika, mlei, baba wa familia, katekista kama sisi, na tena tabibu. Alifika Karema mwaka 1889, akafia palepale Karema mwaka 1956. Hesabuni wenyewe: ni miaka 67.

Hakuzaliwa kwenye ziwa letu. Alizaliwa yapata mwaka 1866 kandokando ya mto Niger, katika nchi inayoitwa leo Mali. Akiwa bado mtoto mdogo alinyakuliwa na Watuaregi waliofanya biashara ya watumwa, akavushwa jangwa la Sahara hadi Algeria. Huko Mapadri Weupe walimnunua. Neno hilo, "walimnunua", hatukuliandika kwa kuteleza kalamu. Tutalirudia mbele kidogo.

Inafaa kukumbuka kwanza Mapadri Weupe walikuwa nani wakati huo. Shirika lao lilianzishwa mwaka 1868 na Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Alger, ambaye baadaye alifanywa Kadinali. Katika miaka ya 1867 na 1868 Algeria ilipigwa na njaa na magonjwa, watu wakafa kwa maelfu, na watoto yatima wakawa wanazagaa barabarani. Lavigerie aliwakusanya, akatafuta watu wa kuwalea. Wengi wetu tumezoea kufikiri kwamba shirika lile lilianzia kwenye mimbari. Tukisoma vizuri tunaona kwamba chungu cha uji kilikuwapo tangu siku za kwanza, na kwamba swali la nani atakayewalisha yatima lilikwenda sambamba na swali la nani atakayehubiri.

Katika watoto waliokombolewa kutoka utumwani, kama huyu Atiman, Lavigerie aliona jambo ambalo wengi wa zama zake hawakuliona. Alisema kwamba Afrika itageuzwa na Waafrika wenyewe, na kwamba Mzungu, hata akiwa mtakatifu, atabaki mgeni. Lakini hakutaka vijana wale wote wawe mapadri. Alitaka baadhi yao wawe matabibu. Sababu yake ilikuwa nyepesi: tabibu hupokelewa kila mahali, hata na mfalme asiyependa dini, hata na kijiji kinachomwogopa mgeni. Tena tabibu anaweza kuoa, kulima, kujenga nyumba yake, na kuishi katikati ya watu kwa kazi ya mikono yake. Basi mwaka 1881 akafungua nyumba katika kisiwa cha Malta, ambako vijana Waafrika waliokombolewa walisomea utabibu. Aliagiza wasigeuzwe Wazungu: waendelee kula, kuvaa na kulala kama watu watakaowahudumia. Tuliposoma agizo hilo mara ya kwanza tulicheka kidogo, maana sisi tuliosomea ualimu tulifundishwa kinyume chake. Siku ya kwanza tuliulizwa kama tuna tai.

Atiman alisoma Malta kwa miaka kadhaa. Mwaka 1888 masomo yakaisha, akaitwa.

Mwaka huo ulikuwa wa makelele makubwa Ulaya. Mwezi wa tano Baba Mtakatifu Leo XIII alitoa barua kwa maaskofu wa Brazili kuhusu kukomeshwa kwa utumwa, na mwezi wa saba na wa nane Lavigerie, mzee wa miaka zaidi ya 60, alizunguka Paris, London na Brussels akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa katika Afrika yetu. Watu walilia makanisani, wakatoa fedha. Wakati huohuo, bila makelele yoyote, msafara mmoja ulikuwa ukielekea Zanzibar, ukiongozwa na Monsinyori Bridoux, na ndani yake alikuwamo kijana mweusi wa miaka 22 hivi, mwenye sanduku la dawa.

Njia waliyoifuata ilikwisha kuwameza wengi. Msafara wa kwanza wa Mapadri Weupe uliondoka pwani katika mwaka 1878 ukafika Ujiji Januari 1879. Padri Pascal, mmoja wa wakuu wake, alifia njiani kabla ya kuliona ziwa. Ilikuwa safari ya miezi kwa miguu, kupita nchi za Wagogo na Wanyamwezi, wapagazi wakibeba kila kitu vichwani. Ni njia ileile iliyotumiwa na misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa. Waliokwenda ndani kwa ajili ya Injili walipishana na waliokuja pwani katika minyororo. Na lugha iliyosemwa katika misafara yote miwili ilikuwa moja, Kiswahili, hiki tunachosalia leo. Tusione haya kulitaja jambo hilo. Lugha yetu ya katekisimu ilifika kwetu kwa njia ileile ya minyororo, na bado Mungu anaielewa.

Atiman alifika Karema mwanzoni mwa mwaka 1889.

Karema iko kwenye ufuko wa mashariki wa Tanganyika, katika nchi ya Wabende. Ukisimama Mpala, upande wetu wa Kongo, na kuyatazama maji kuelekea jua linapochomoza, Karema iko karibu sawasawa mbele yako. Sehemu hizi mbili zina historia moja. Boma la Karema lilianzishwa mwaka 1879 na Wabelgiji wa Chama cha Kimataifa cha Afrika, kile cha Mfalme Leopold II. Boma la Mpala likajengwa mwaka 1883 na ofisa wa chama hichohicho, Émile Storms. Mwaka 1885 mataifa ya Ulaya yalipomaliza kugawana ardhi yetu huko Berlin, maboma hayo mawili yakakabidhiwa Mapadri Weupe.

Hapa tusimame kidogo, maana mnapaswa kujua misheni zetu zilirithi nini. Storms huyo, kabla ya kuondoka, alipigana na mtemi wa Watabwa aliyeitwa Lusinga. Mwezi wa 12 wa mwaka 1884 watu wa Storms walimuua Lusinga, wakamkata kichwa, na fuvu lake likapelekwa Ubelgiji, ambako liliwekwa miongoni mwa vitu vya makumbusho. Lusinga mwenyewe alikuwa akivamia vijiji na kuuza watu, hatumpambi. Lakini mapadri waliofika mwaka uliofuata waliingia katika nyumba ya mtu aliyefanya hayo, na wenyeji waliowatazama wakiingia walijua. Ndiyo maana tunasema kwamba maneno peke yake yasingetosha. Mtu aliyetaka kuaminiwa kando ya ziwa hili ilimbidi afanye kitu ambacho hakuna mwenye boma aliyewahi kukifanya, yaani kuosha vidonda vya watu.

Kwenye upande wetu kulikuwa na Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa, askari wa zamani wa Papa, ambaye tangu mwaka 1887 alijitolea kuwalinda wakimbizi wa misheni kwa bunduki dhidi ya majeshi ya wafanyabiashara wa watumwa, yakiwemo ya Rumaliza wa Ujiji. Joubert alioa mwanamke wa huku, Agnes Atakaye, hakurudi tena kwao, na alizikwa katika ardhi ya Kongo mwaka 1927. Wazee wa upande wa Moba wanalijua jina lake vizuri. Hatuna nia ya kulipunguza. Tunasema tu kwamba kwa Joubert zilijengwa sanamu za maneno nyingi, na kwa Atiman chache, ingawa walifanya kazi katika miaka ileile na dhidi ya uovu uleule. Labda ni kwa sababu bunduki husikika mbali kuliko maji ya moto na kitambaa.

Basi, Karema Atiman alikuta nini? Alikuta vijiji vilivyochomwa, watu waliokimbilia misheni bila kitu, watoto waliotenganishwa na mama zao, njaa iliyofuata kila uvamizi kwa sababu mashamba yalikuwa yameachwa. Pamoja na vita yalikuja magonjwa: ndui, kuhara damu, buba, homa. Na kulikuwa na mdudu mdogo ambaye vitabu vya historia humsahau, funza. Mdudu huyu hakuwa wa kwetu. Aliletwa na meli kutoka Amerika hadi pwani ya Angola mwaka 1872, akafuata njia za wapagazi kuvuka bara zima, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 akafika ziwani. Watu hawakumjua, hawakujua kumtoa. Miguu iliharibika, vidole vilikatika, mtu mzima akashindwa kwenda shamba. Katika nchi ambamo kila kitu hubebwa na kulimwa kwa miguu na mikono, kidonda cha mguu ni njaa ya nyumba nzima. Tabibu yeyote wa wakati ule, siku yake ilianza na kumalizika kwa vidonda.

Atiman alijua kupasua. Alikuwa na kwinini na dawa chache zilizopita Zanzibar. Lakini dawa za sanduku huisha, na meli haziji kila mwezi. Hapo alifanya jambo ambalo sisi tunaliona kuwa kubwa kuliko upasuaji wote. Alikwenda kwa waganga wa mitishamba wa nchi ile, akajifunza kwao mizizi na majani waliyotumia, akayajaribu, akayatumia. Mtu aliyesoma Malta aliketi chini mbele ya mzee asiyejua kusoma ili afundishwe. Katika zama zile, ambapo wengi waliona kila kitu cha mganga kuwa ni cha shetani, haikuwa jambo dogo. Alitenganisha dawa na uchawi kwa kuwaendea watu na kuwauliza.

Alioa muda si mrefu baada ya kufika. Mkewe, Wansahira, aliyebatizwa Agnes, alikuwa binti wa mtemi wa Wabende. Tafakarini ndoa hiyo. Bwana harusi ni mtu asiye na ukoo, asiye na mjomba wa kumsemea wala baba wa kupeleka mahari, mtu aliyewahi kuwekwa bei sokoni. Bibi harusi ni mtoto wa mtawala. Katika mila zetu mtu wa namna ile hana pa kuegemea. Hata kaburi lake halijulikani litachimbwa wapi. Kwa ndoa hiyo Atiman alipata wakwe, akapata mashemeji, akapata mahali pa kuzikwa. Hatujui njia nyingine ambayo mgeni hugeuka kuwa wa nyumbani.

Sasa tulirudie lile neno. Walimnunua.

Mapadri waliwanunua watoto wengi: Algeria, Ujiji, na pande zote za ziwa. Waliita kazi hiyo kukomboa, na kwa mtoto aliyefunguliwa kamba lilikuwa ni hilo kweli. Lakini mfanyabiashara aliyepokea nguo au fedha alirudi nazo kununua baruti. Hata wakati ule kulikuwa na watu walioona kwamba pesa za huruma zinaweza kulinenepesha soko lenyewe. Tena waliokombolewa hawakuachwa waende walikotaka, na mara nyingi hawakuwa tena na pa kwenda. Walikaa katika vijiji vya misheni, walilima kwa kengele, waliozwa kwa mpango wa mapadri, waliadhibiwa walipokosa. Wengine walitoroka. Na kelele za huruma za mwaka 1888 ziliwafaa watu wengine kabisa: Leopold II alikaribisha mkutano mkubwa wa kupinga utumwa Brussels katika miaka ya 1889 na 1890, huku katika Dola Huru lake la Kongo ikianza kazi ya shuruti iliyowaua babu zetu katika mpira wa misituni. Aliyelia kwa ajili ya mtumwa wa Mwarabu alikuwa akimtengeneza mtumwa wake mwenyewe.

Hatuandiki haya ili kuwavunja moyo, wala kuwatukana wazee wetu katika imani, ambao wengi wao walikufa kwa homa kabla ya kufikisha miaka 35. Tunaandika kwa sababu vijana wengi siku hizi wanasoma mambo haya katika simu zao, yakiwa yamekatwakatwa na kutiwa hasira, kisha wanakuja kutuuliza, na katekista hujibu kwa kukemea. Afadhali wayasikie kwetu. Huruma inaweza kuwa ya kweli na bado ikatumiwa vibaya. Inaweza kumfungua mtu kamba moja na kumfunga nyingine. Atiman aliyajua hayo kwa mwili wake kuliko sisi tunavyoyajua kwa vitabu. Mwaka 1946 jarida la historia la Dar es Salaam lilichapisha maisha yake kama alivyoyaeleza yeye mwenyewe. Alikuwa amekaribia miaka 80, na alianza pale pale walipomnyakua.

Yeye alikuwa na sababu zote za kuondoka. Wenzake wengi waliopita Malta hawakudumu. Wengine walikufa mapema, wengine waliacha kazi. Mpango wa Kadinali, uliopangwa vizuri sana katika karatasi, ulipungua mwaka hadi mwaka. Lavigerie alifariki Novemba 1892, na kabla ya karne kwisha nyumba ya Malta ilikuwa imefungwa. Warithi wake hawakuwa na ndoto ileile kuhusu matabibu Waafrika. Kwa hesabu za wakubwa, mpango ulishindwa. Kwa hesabu za Wabende, ulibaki mmoja, na huyo mmoja alikuwapo asubuhi.

Tukitazama miaka yake, tunaona jinsi dunia ilivyobadilika juu ya kichwa chake huku yeye akiwa palepale. Alifika wakati bendera ya Wajerumani ikianza tu kutajwa. Ziwa lililokuwa njia likafanywa mpaka: Karema ya Wajerumani, Mpala ya Leopold. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale ukashambulia fuko zote mbili, na serikali zikahamisha vijiji vizima kutoka kandokando ya maji. Kisha vita ya Ulaya ikavuka ziwa. Mwaka 1916 askari kutoka Kongo, babu zetu wakiwa chini ya maofisa Wabelgiji, wakaiteka magharibi ya nchi ile hadi Tabora. Kisha Mwingereza. Kila utawala ulikuja na karatasi zake, daktari wake na kodi yake, na kila utawala ulimkuta Atiman akiosha vidonda na kufundisha sala kwa watu walewale, halafu kwa watoto wao, halafu kwa wajukuu.

Mwanawe Yosefu alipewa upadre mwaka 1923. Upande wetu wa ziwa, Stefano Kaoze alikuwa ametangulia. Yeye, mtoto wa Watabwa, alipewa upadre tarehe 21 Julai 1917 huko Baudouinville, tunakokuita leo Moba, akawa padri wa kwanza Mkongomani wa nyakati hizi. Tunayasema majina haya mawili pamoja makusudi. Kanisa la ziwa lilipata mapadri wake wa kwanza katika kizazi kilicholelewa na makatekista waliooa, wenye mashamba, wenye watoto wanaolia usiku. Padri Yosefu alijifunza nini kwa kumtazama baba yake akiamshwa saa nane za usiku kwa sababu mamba amemjeruhi mvuvi? Vitabu havisemi. Wala havisemi mengi kuhusu Agnes mama yake, ambaye bila shaka alichemsha maji mengi kuliko mtu yeyote wa Karema. Hili ni kosa la zamani la sisi tunaoandika historia ya Kanisa: tunahesabu waliopewa daraja, tunawasahau waliowasha moto.

Wakati mwingine kijana hutuambia: "Mwalimu, hayo yalikuwa ya zamani, siku hizi kuna mashirika." Ni kweli, yako. Katika mashariki ya nchi yetu tumeyaona magari meupe yakija na kuondoka mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Yakija, watu hupanga foleni, majina huandikwa, maturubali hugawanywa, picha hupigwa. Mradi ukiisha, bango hubaki limesimama na kuota kutu. Hatuwadharau wanaokuja, turubali la mgeni limemfunika mtoto wa ndugu yetu, na tunashukuru. Lakini tuseme ukweli kwamba nasi, katika vikundi vyetu vya parokia, tumejifunza kwao mtindo huo bila hata kuwa na gari. Siku moja ya Kwaresima, sabuni, wimbo, picha, kwaheri. Msamaria wa Injili hakuishia kwenye mafuta na divai. Alimwacha yule mtu katika nyumba ya wageni, mikononi mwa mwenye nyumba, akalipa, akaahidi kupita tena. Tumelihubiri fumbo hilo mara nyingi tukikazia mafuta. Ahadi ya kupita tena tuliiruka, pengine kwa sababu inagharimu zaidi.

Atiman alikufa tarehe 24 Aprili 1956, akiwa na miaka kama 90. Alikuwa amepewa nishani na Kanisa na na wengine. Wapo waliozaliwa mikononi mwake waliozeeka na kufa kabla yake. Alizikwa katika nchi ambayo hakuna aliyemtarajia kuzikwa, na watu waliomzika hawakumwita tena mgeni.

Tulirudi kwa yule mama mzee. Haikuwa wiki iliyofuata, tukiri. Ilikuwa wiki ya tatu, nasi tulikuwa wanne tu, bila sabuni na bila wimbo. Kitanda cha karibu na dirisha kilikuwa na mtu mwingine. Muuguzi alisema kwamba jamaa zake walikuja kumchukua, na hakujua vizuri ni wa kijiji gani. Yule mama mpya alikuwa na mtoto mwenye homa na hakuwa na mtu wa kumwendea kuchota maji. Binti mmoja wa kikundi akachukua ndoo, akatoka. Sisi tukavuta kibao, tukaketi, tukamwuliza anatoka wapi.